Insulini ipo, mbona mwili hauisikii?

Mama mkubwa alirudi kutoka kituo cha afya na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya labo: sukari 187 asubuhi (miligramu kwa desilita ya damu), kabla hajatia kitu tumboni. Mpaka wa ugonjwa, kwa kipimo cha namna hiyo, ni 126. Ya pili daktari alikuwa ameiandika kwa mkono, Kifaransa cha mbio mbio, na maana yake ilikuwa kwamba mwili wake unatengeneza insulini ya kutosha, pengine hata ya kuzidi, ila hauitii.

Tulikuwa sebuleni kwake Nguba, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Akasogeza termosi ya chai, akazitandaza zile karatasi mbele yangu.

"Mtoto yangu, weye unafundisha biyoloji. Munganga anasema insulini iko, tena iko mingi. Sasa kama iko, sukari inapanda juu ya nini?"

Nikampa jibu la kitabuni. Seli ni nyumba, insulini ni ufunguo, kufuli limeshika kutu, basi ufunguo unazunguka bure na sukari inabaki nje barabarani, yaani ndani ya damu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na iyo kutu, nani aliileta?"

Nikanywa chai. Ningeweza kumwambia habari za uzito, za mafuta yanayojaa kwenye ini, za urithi, za kukaa dukani kutwa nzima bila kutembea, na yote hayo ni kweli. Lakini yeye aliuliza kitu kingine: ndani ya seli yenyewe, ni mkono gani unaolegeza kufuli? Sehemu ya jibu imo kwenye vitu vidogo vinavyoitwa mikro-RNA. Siku ile sikuweza kumweleza vizuri, kwa hiyo deni ninalilipa hapa.

Homoni ni ujumbe unaosafiri kwa damu. Kongosho, lililojificha nyuma ya tumbo la chakula, linamwaga insulini baada ya mtu kula bugali, na insulini inapita kila mahali kama gari la matangazo linalopanda Kadutu na kipaza sauti juu. Sauti inawafikia wote, lakini anayegeuka ni yule inayemhusu. Vitabu vyetu vya shule vinaishia kwenye kipaza sauti. Vinamweleza mwanafunzi nani anatangaza, saa ngapi, na tangazo linasema nini. Habari za masikio zinapewa mistari miwili. Kumbe mwili hautegemei tu sauti ya homoni. Kila seli ina namna yake ya kujiongezea au kujipunguzia usikivu, na mikro-RNA ni moja ya namna hizo.

Ili kuelewa zinavyofanya kazi, fikiria biashara ya fotokopi. Mtu yeyote aliyesoma chuo hapa Bukavu anaijua. Kitabu cha profesa hakitoki kabatini. Kinachozunguka mikononi mwa wanafunzi ni nakala za kurasa chache, zinazotolewa haraka kwenye mashine iliyo kando ya njia, zinasomwa wiki mbili, kisha zinafungia karanga. Seli nayo ina kitabu kimoja kikubwa kinachokaa ndani ya kiini chake, DNA, ambayo darasani kwetu tunaiita ADN kwa kuwa tunasoma kwa Kifaransa. Humo mna maelekezo ya kutengeneza protini, kama 20,000 kwa binadamu. Kitabu ni kilekile kwenye ini, kwenye moyo na kwenye ngozi. Tofauti ni kurasa zinazotolewa nakala. Nakala hizo zinaitwa RNA mjumbe. Zinatoka nje ya kiini, zinasomwa na mitambo inayoitwa ribosomu, na protini inajengwa kufuatana na kilichoandikwa.

Kila nakala ina mkia. Baada ya maelekezo kuisha kuna herufi nyingine mamia, mara nyingine maelfu, zisizoeleza protini yoyote. Kwa muda mrefu watu waliuona mkia huo kama ile sehemu nyeupe chini ya ukurasa. Huko ndiko mikro-RNA zinakoshikilia.

Mikro-RNA yenyewe inatoka kwenye kitabu hichohicho, lakini haina maelekezo ya kujenga kitu. Inaanza kama uzi mrefu uliojikunja katikati mfano wa pini ya nywele. Ndani ya kiini, kimeng'enya kiitwacho Drosha kinaukata na kubakiza kipande cha herufi kama 70. Kipande kinatolewa nje, kinakutana na kimeng'enya cha pili, Dicer, nacho kinakata kichwa cha pini. Kinachobaki ni herufi 22 hivi. Ni kidogo mno. Maneno ya kumsalimia mtu mzima kwa adabu yanazidi herufi hizo.

Kipande hicho peke yake hakina nguvu. Kinabebwa na protini iitwayo Argonaute, na hapa mfano wa fotokopi unanikwama, nachukua mwingine. Mwone Argonaute kama mtu anayepita sokoni na picha ndogo ya pasipoti mkononi, akilinganisha uso mmoja baada ya mwingine. Picha ni zile herufi 22, na kwenye picha anatazama hasa sehemu moja, herufi ya 2 mpaka ya 8. Akikuta mkia wa RNA mjumbe wenye herufi zinazooana na hizo saba, anaushika. Nakala ikishikwa hivyo haisomwi vizuri, na baada ya muda inachanwa kabla ya wakati wake. Protini yake inapungua.

Tupige hesabu kidogo, maana wanafunzi wangu huwa wanashtuka hapa. Alfabeti ya RNA ina herufi 4. Ukizipanga kwenye nafasi 7 unapata michanganyiko 16,384. Mkia wenye herufi 1,000 una nafasi karibu 1,000 za kuoana na picha fulani, na nakala za aina mbalimbali ni maelfu. Kwa hiyo picha moja inafanana na nyuso nyingi. Ndiyo maana mikro-RNA moja inaweza kugusa nakala za jeni (kurasa za kile kitabu) mamia, na nakala moja inaweza kushikwa na mikro-RNA kadhaa. Zaidi ya nusu ya jeni zetu zinazotengeneza protini zina alama za kushikwa namna hiyo.

Lakini watu wakisikia hivyo wanadhani mikro-RNA ni swichi ya kuwasha na kuzima. Sivyo. Mara nyingi protini inayolengwa inapungua kidogo tu, upungufu haufikii hata nusu. Anayepika sombe anajua kazi ya namna hii: chumvi pungufu ya kijiko haigeuzi chungu kuwa chungu kingine, ila wote mezani wanajua. Mwili nao, kwenye mambo ya homoni, unaishi kwa tofauti ndogo kama hizo, mchana na usiku, miaka na miaka.

Yote haya yalianza kwa mnyoo wa milimita moja anayeishi udongoni, Caenorhabditis elegans, ambaye akikomaa mwili wake una seli 959, zimehesabiwa zote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani wawili, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walikuwa kwenye maabara moja, ya Robert Horvitz, wakishangaa minyoo wawili wenye hitilafu: mmoja alirudia rudia hatua za utoto, mwingine aliziruka. Kila mmoja akaondoka na mnyoo wake kwenda kwenye maabara yake. Ambros alikuwa anatafuta jeni iitwayo lin-4, na kila alipotafuta protini yake hakuipata. Jeni ilikuwa inatoa kipande cha RNA cha herufi 22 tu. Ruvkun alikuwa na jeni ya pili, lin-14, na aliona kwamba tatizo liko kwenye mkia wa nakala yake. Mwaka 1992 wakapeana herufi, kila mtu akaziweka zake kando ya za mwenzake, na zikaoana. Walichapisha mwaka 1993.

Dunia ilikaa kimya. Wengi walisema ni vituko vya mnyoo. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikapata ya pili, let-7, na hii ilikutwa ileile kwa nzi, kwa samaki na kwa binadamu. Hapo kimya kikaisha. Tangu hapo zimeorodheshwa zaidi ya elfu kwa binadamu, na Oktoba 2024 wale wawili wakapewa tuzo ya Nobel ya tiba. Miaka 31 ya kungoja.

Sasa turudi kwa sukari ya mama mkubwa. Nitazitaja chache kwa namba zao, kwa kuwa majina yake hayana utamu wowote: miR-375, miR-103, miR-33. Ni kama namba za pikipiki.

Kwanza kongosho. Mwaka 2004 kikundi cha Markus Stoffel kilionyesha kwamba seli za beta, zile zinazotengeneza insulini, zimejaa mikro-RNA moja kuliko sehemu nyingine za mwili: miR-375. Walipoiongeza ndani ya seli hizo, insulini iliyomwagwa ikapungua. Walipoizuia, ikaongezeka. Mtu akiishia hapo atasema, vizuri, tuifute miR-375 na ugonjwa wa sukari utaisha. Wakaja kuijaribu kwa panya, wakazaa panya wasio nayo kabisa. Sukari ya panya hao ikapanda! Bila miR-375, seli za beta hazikuzaliana vya kutosha. Kongosho likabaki na beta chache na seli nyingi za alfa, zinazotoa glukagoni, homoni inayopandisha sukari. Kitu kilekile kinachozuia insulini isimwagike ovyo leo ndicho kinachojenga kiwanda chake. Mimi kwenye habari yote ya mikro-RNA hakuna ninachokipenda kama hiki, kwa sababu kinaharibu hamu yetu ya kumtafuta adui mmoja.

Lakini mama mkubwa insulini anayo. Tatizo lake liko kwenye masikio, na huko ndiko kwenye miR-103 na ndugu yake miR-107. Mwaka 2011 ilionekana kwamba kwenye ini la panya wanene hizi mbili zimezidi. Zinalenga nakala ya protini iitwayo kaveolini-1, ambayo kazi yake mojawapo ni kukishikilia imara kipokezi cha insulini, yaani sikio lenyewe, kwenye ukuta wa seli. Fuata mnyororo: miR-103 ikizidi, kaveolini inapungua, kaveolini ikipungua, kipokezi kinayumba, kipokezi kikiyumba, insulini inapita na tangazo lake na seli haigeuki. Watafiti walipozizuia mikro-RNA hizo, panya wanene wakaanza kuisikia insulini yao tena. Mwaka huohuo kikundi kingine kikaonyesha kwamba let-7, ileile ya mnyoo, ikizidi kwa panya inapunguza kipokezi cha insulini na protini zinazopokea habari kutoka kwake, na panya anashindwa kushusha sukari baada ya kula.

Kwa hiyo, mama mkubwa, kutu ina mikono, na baadhi ya mikono tumeiona. Nasema baadhi. Panya wa maabara si mtu wa Nguba, na mtu mwenye sukari ya aina ya 2 hana kasoro moja ndani ya mwili, anazo nyingi zinazosukumana.

Tena mambo hayaendi upande mmoja. Homoni nazo zinaziamuru mikro-RNA. Insulini ikipanda, msuli unapunguza baadhi ya mikro-RNA zake. Estrojeni inagusa hata hatua ya kukata, pale kwenye Drosha. Sikio linapunguza sauti na sauti inarekebisha sikio, kwa hiyo ukimpima mgonjwa leo na kumkuta na mikro-RNA nyingi za namna fulani, si rahisi kujua kama ndizo zilizoleta ugonjwa au ugonjwa ndio umezileta. Makala nyingi za kisayansi zinateleza hapa.

Kwenye mafuta kuna miR-33, na namna inavyokaa ndani ya kitabu inafurahisha. Kuna jeni iitwayo SREBF2. Protini yake inaiamuru seli itengeneze kolesteroli. Katikati ya jeni hiyo, kwenye kipande kinachokatwa na kutupwa nakala inapotayarishwa, imejificha miR-33. Nayo ikitolewa inashika nakala ya ABCA1, protini inayotoa kolesteroli nje ya seli. Ukurasa mmoja, amri mbili: pika, halafu funga mlango. Kwa mnyama wa porini asiyejua kesho atakula nini, ni akili nzuri. Kwa mtu anayekula mikate na mafuta ya kukaangia kila siku, ni shida. Mwaka 2011 nyani waliochomwa dawa ya kuzuia miR-33 walipanda kolesteroli ile tunayoiita nzuri. Halafu, kama ilivyokuwa kwa miR-375, panya waliozaliwa bila miR-33 kabisa wakanenepa na insulini yao ikaanza kutosikika.

Ini lina ya kwake, miR-122, nyingi kiasi kwamba ni kama asilimia 70 ya mikro-RNA zote zilizomo humo. Kuizuia kunashusha kolesteroli. Virusi vya homa ya ini ya C navyo vimeigeuza: badala ya kuumizwa nayo, vinaitumia kujikinga, na dawa ya kuizuia ilipojaribiwa kwa wagonjwa, virusi vilipungua kwenye damu. Moyo una miR-208a, inayoshirikiana na homoni ya tezi ya shingo. Panya walipozuiwa miR-208a kwenye moyo, walikula chakula cha mafuta na hawakunenepa kama wenzao. Yaani moyo, ambao tumezoea kuuita pampu, una neno lake kuhusu mafuta ya tumboni. Na kwa uzazi, mwaka 2013 panya jike wasio na miR-200b na miR-429, zinazofanya kazi kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, walishindwa kutoa yai, kwa kuwa homoni inayoamuru yai litoke haikutosha.

Nimeitaja tezi ya shingo, na mtu wa Kivu hawezi kuipita hivihivi. Nikiwa mdogo nilivushwa mpaka Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, kwa mtumbwi wa mashine, na kitu cha kwanza nilichokiona gatini kilikuwa shingo za wamama wazee, zimejaa kama wamemeza chungwa likakwama. Ni rovu. Kisiwa chetu kinajulikana kwa hilo kwenye vitabu vya tiba duniani: miaka ya 1960 watafiti wa Kibelgiji, François Delange miongoni mwao, walizunguka humo wakipima shingo. Walikuta madini joto ni haba kisiwa kizima, lakini rovu limejaa kaskazini na ni chache kusini magharibi. Baadaye sehemu ya tofauti ikaelezwa na mihogo: isiyotayarishwa sawasawa inaacha sumu ambayo mwili unaigeuza thiosayaneti, nayo inaizuia tezi kunyonya yale madini joto machache yaliyopo. Homoni kuu ya tezi imejengwa kwa madini joto, chembe 4 ndani ya kila homoni moja. Bila hayo tezi inavimba ikijaribu kufanya kazi isiyo na malighafi.

Rovu la Idjwi ni la chumvi na mihogo, halihitaji mikro-RNA kulieleza. Lakini kuna familia, chache duniani, ambazo rovu lenye vinundu linaota tangu ujana hata chumvi ikiwa na madini joto ya kutosha. Zilipochunguzwa jeni zao, hitilafu ilikutwa kwenye jeni ya Dicer, kile kimeng'enya cha kukata pini. Wengine kwenye familia hizo wanapata uvimbe wa nadra wa mapafu wakiwa watoto, au wa ovari. Mkasi ukiwa butu, vipande vya herufi 22 vinatoka vibaya, na tezi za homoni ni kati ya viungo vya kwanza kulalamika. Huu si ushahidi wa panya. Ni watu.

Kitu kingine kimenifanya nifikirie upya neno homoni lenyewe. Mikro-RNA hazibaki zote ndani ya seli zilikotengenezwa. Nyingine zinafungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta na kutupwa kwenye damu. Mwaka 2017 maabara ya Ronald Kahn, Marekani, iliondoa Dicer kwenye seli za mafuta za panya tu, mahali pengine ikaiacha. Mikro-RNA nyingi zinazozunguka kwenye damu zikapungua sana. Maana yake ni kwamba mafuta yale tunayodhani yamelala tu kiunoni yanatuma barua, na walionyesha kwamba barua hizo zinaweza kubadilisha jeni ndani ya ini. Kitu kinachotoka kwenye kiungo kimoja, kikasafiri kwa damu, kikaamuru kiungo kingine: kwenye ubao wangu hiyo ndiyo maana ya homoni.

Hapa ndipo wauza dawa wanapochangamka. Mwaka 2012 watafiti wa China walidai kwamba mikro-RNA ya mchele inapenya tumboni, inaingia kwenye damu ya mtu, na kwamba kwa panya inachezea kolesteroli. Habari ilisambaa. Maabara nyingine zilipojaribu kurudia, hazikupata kitu cha maana; tumbo lina tindikali na vimeng'enya vinavyosaga RNA kama vinavyosaga vingine. Kwa hiyo siku mtu akikuuzia unga wa majani kwamba una mikro-RNA za kuponya sukari, mwombe akurudishie hela ya taksi tu, basi.

Dawa za kweli zinatafutwa, na njia imejaa mashimo. Dawa inayogusa nakala mamia kwa mara moja inaweza kuponya hapa na kuvunja pale. Dawa moja iliyoiga miR-34, ikijaribiwa kwa wagonjwa wa kansa, ilisimamishwa mwaka 2016 baada ya kinga ya mwili kuwashambulia wagonjwa vibaya, wengine wakafa. Waliofanikiwa zaidi wamechukua njia ya pembeni: wanatengeneza wenyewe kipande kifupi cha RNA kinachooana na nakala moja tu, wanampa Argonaute, naye anafanya kazi aliyoizoea. Dawa iitwayo inclisiran inafanya hivyo kwenye ini ili kushusha kolesteroli; iliruhusiwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2021, na baada ya dozi za kuanzia ni sindano mbili kwa mwaka. Kwa sukari ya aina ya 2 bado hakuna dawa ya mikro-RNA. Kuna vidonge vya metformini, kuna kutembea, kuna kupunguza ukubwa wa donge la bugali.

Jumapili iliyopita nilimpelekea mama mkubwa jibu, kwa Kiswahili cha nyumbani, na nilichora pini ya nywele nyuma ya karatasi yake ya labo. Alifuata vizuri mpaka kwenye kaveolini. Kilichomshika ni mnyoo.

"Na ule munyoo, nayo iko na insulini?"

Sikutegemea. Nikamwambia anayo, tena ana jeni kama 40 za jamii ya insulini, na kipokezi kimoja kinachoitwa DAF-2. Aliyeonyesha mwaka 1997 kwamba kipokezi hicho ni ndugu wa kipokezi cha insulini chetu ni maabara ya yuleyule Ruvkun. Na mnyoo ambaye DAF-2 yake imelegea, asiyeisikia insulini yake vizuri, anaishi karibu mara mbili ya wenzake. Hilo Cynthia Kenyon alilionyesha mwaka 1993, mwaka uleule wa lin-4.

Akaweka kikombe chini.

"Basi miye nitawazika wote."

Nikaanza kumweleza kwamba kwa mtu mambo si hivyo, kwamba sukari ya 187 inakula macho na figo polepole. Akanikata. Anajua, alikuwa anacheka tu. Alichotaka kuniuliza ni kama ile metformini inamezwa kabla ya chakula au wakati wa kula, maana mwandiko wa munganga haukusomeka na tumbo linamsumbua. Wakati wa kula, nikamwambia.